Ratili Tano za Mjukuu Wangu

Kilichonitoa Mbagala ni mjukuu wangu wa kwanza. Alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, na kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie. Lakini mtoto alikuwa wa baridi, hana hata nguvu ya kunyonya. Nikamwambia binti yangu Zainabu, "Inuka, mwanangu. Maneno ya watu nitayajibu mie."

Saa moja asubuhi tulipanda lori la Saidi, Mwarabu wa dukani kwetu, aliyekuwa akipeleka nazi mjini. Zainabu alikaa mbele, mtoto kifuani ndani ya kanga mbili. Mimi nilikaa nyuma juu ya nazi, na kila shimo la Barabara ya Kilwa nililijua kwa makalio. Kila lori lilipopunguza mwendo nilipiga kelele, "Anapumua?"

"Anapumua, mama!"

Saa tatu tulifika hospitalini. Nesi Elizabeti, binti wa Kipare, aliniamkia shikamoo, kisha akaninyang'anya mjukuu na kumtia kwenye mizani. Ratili tatu na nusu.

"Akifika tano mtarudi kwenu," alisema. "Kabla ya hapo, hata bibi alie vipi, hatoki."

Wiki tatu za mwanzo mtoto alilala katikati ya chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa. Zainabu alikamua maziwa, nami nikapewa kazi ya kuyadondosha kwa kijiko, tone moja moja. Mimi niliyezaliwa na haraka zangu nilijifunza kungoja mtu ameze.

Asubuhi ya kupimwa, wodi nzima ilikuja kutazama, nami nikaogopa kijicho. Kwetu mtoto mchanga hulazwa na chuma, basi nikachomeka kisu changu cha jikoni, nimekifunga kitambaa, katika mikunjo ya kanga yake. Mizani ikasema tano! Nikapiga vigelegele, wodi ikaitikia. Elizabeti peke yake hakufurahi. Aliifungua kanga, na kisu kikaanguka sakafuni.

"Bibi, na huyu naye tumnyweshe maziwa?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, mpaka mtoto alipopimwa mtupu: tano kasoro nusu. Hapo machozi yakanitoka. Nusura nimrudishe nyumbani kwa uzito wa kisu, akanifie mikononi.

"Usilie, bibi yangu," Elizabeti alisema, akanishika bega. "Kisu tutakiweka chini ya godoro. Kimlinde tu, kunenepa tumwachie mtoto."

Siku kumi baadaye nilimvua nguo mwenyewe, nikarudi nyuma hatua tatu na mikono yangu juu, kila mtu aione. Ratili tano na ushei! Elizabeti ndiye aliyeanza vigelegele.

Adhuhuri Saidi alitupitia, tukabanana wote mbele. Njiani niliwaza kwamba mapenzi yangu kwa mtoto huyu, pamoja na ukubwa wake wote, hayakumwongezea hata robo ratili. Kilichomwongezea ni joto, kijiko na subira, na hayo nitamfundisha kila bibi wa Mbagala atakayenisikiliza.

Tulipopita Mtoni mjukuu wangu akaanza kulia, akalia mpaka akaishinda injini.

"Bibi, mnyamazishe basi," Saidi alilalamika. "Masikio yananiuma."

"Wee endesha," nikamwambia. "Mwezi mzima nimeziomba kelele hizi."