Jina la Daisy

Mimi sina dini, na sijawahi kumficha mtu. Dini niliiacha kwetu Bungoma pamoja na vitu vingine ambavyo havikuingia kwenye begi. Mke wangu Daisy alinizidi: mhubiri akibisha hodi, anamkaribisha chai, anamsikiliza mpaka kikombe kiishe, kisha anamwambia hapana na kumfungulia mlango.

Flati yetu iko huku ughaibuni, Walthamstow, ghorofa ya pili, na tumezungukwa na Wamormoni. Mkono wa kushoto ni Norbert na mkewe Emérence, Wakongo wa Bukavu. Juu yetu wanakaa wamisionari wawili, watoto wa juzi, hata ndevu hazijaota, na Emérence anawaita Mzee huyu na Mzee yule kwa sababu kanisani ndicho cheo chao. Mimi nina miaka hamsini na sita, naendesha basi, na katika jengo zima ni mimi tu nisiyeitwa mzee.

Kilichotushinda kwa watu hawa ni kwamba dini yao haiwaruhusu kunywa chai. Wala kahawa. Kwa Mkenya, mgeni akikataa chai yako amekutukana, na Daisy alinuna wiki nzima. Halafu akaanza kumchemshia Emérence maziwa na tangawizi, wakawa wanakaa jikoni wakicheka hadi natoka kuwatazama. Habari ya kubatizwa Emérence aliileta mara moja tu. Daisy akajibu hapana, urafiki ukaendelea.

Daisy alikufa Februari. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa kwenye foleni ya posta. Mtoto hatukujaliwa. Wamormoni ndio waliopika, wakaazima viti, wakaosha vyombo. Wanasema afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu zangu walikuwa mbali kweli. Mimi sikulia. Usidhani ni ushujaa, sikuhisi kitu. Baada ya wiki mbili nikarudi kazini, nikafungua milango ya basi, nikafunga. Nikila sijui nimekula nini. Mtu akinipa pole, naitikia na kuangalia saa.

Aprili Emérence alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, tumbo lake la miezi saba limemtangulia mlangoni. Akaketi, akasema polepole, "Papa Zephaniah, mimi na Norbert tuko na ombi. Tunaomba utupatie jina ya Daisy."

Kwetu jina la marehemu halizikwi. Mtoto atakayezaliwa hulichukua, hata akiwa wa jirani, mradi marehemu alipendwa. Na wenye mtoto huja kuomba kwa adabu, vilevile alivyokuja yeye. Nikatazama lile tumbo. Nikasema ndiyo kabla hajaeleza zaidi.

"Aksanti sana," akasema, akifuta macho. "Atafurahi."

Wiki zilizofuata niliishi. Si sana, kidogo tu. Nilimpigia dada yangu Serah kule nyumbani nikamwambia Daisy mwingine yuko njiani. Nilipita sokoni nikanunua soksi za manjano, ndogo hazienei hata vidole vyangu viwili. Nikiwa kwenye usukani nilijikuta nalitaja lile jina kwa sauti, kwa ukali wa mtu anayemkanya mtoto: Daisy, rudi hapa, Daisy, toka barabarani. Abiria mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Jumapili moja ya Mei Emérence akabisha hodi, mkononi ana fomu.

"Hapa tarehe ya kuzaliwa," akasema. "Hapa ya kufa. Huku chini sahihi yako, juu ya wewe ndiye mtu wake wa karibu."

"Fomu ya nini?"

"Ya hekalu. Nikisha kuzaa, nitaingia majini kwa niaba yake, nibatizwe kwa jina yake. Ile ulikubali."

Niliisoma mara mbili. Ningependa kusema nilikasirika, lakini hata hasira sikuipata. "Daisy alikwambia hapana," nikasema.

"Alisema hapana akiwa huku. Kule atajibu mwenyewe. Hatumlazimishe, Papa. Anaweza kukataa tena."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, kwa uhakika wa mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Kwake Daisy alikuwa mahali fulani, mzima, anaulizwa swali na kulijibu. Nilimwonea wivu, sikufichi. Kuweka sahihi kungenichukua sekunde moja, naye angeondoka na furaha yake. Lakini neno la mwisho la Daisy juu ya jambo hilo nililijua, na aliyebaki wa kulilinda ni mimi. Nikamrudishia fomu.

"Hapana, mama."

Aliikunja, akaitia mkobani. Hakununa. Akauliza, "Basi siku ile ulisema ndiyo ya nini?"

"Nilidhani mnaomba jina la mtoto."

Mkono wake ukaenda tumboni wenyewe. "Mtoto ni Miradie," akasema kwa sauti ya chini. "Jina ya mama yake Norbert. Sisi tunapatia mtoto jina ya watu wa ukoo, Papa. Unisamehe."

"Najua," nikasema. "Mimi si wa ukoo."

Nilitaka kuongeza kwamba Miradie ni jina zuri, maana ni zuri kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kumzoea yule mtoto. Nilikuwa nimemgombeza wiki tatu nzima barabarani. Sasa nikiita Daisy hakuna atakayeitika, si ndani ya nyumba hii wala ile ya jirani, si leo wala nikiwa na miaka themanini. Nikaanza kulia, kwa sauti, makamasi na yote. Emérence hakumtaja Mungu. Alinishika mkono tu akakaa.

Miezi mitatu baada ya kumzika mke wangu, ndipo nikafiwa.