Mikarafuu Kumi na Saba ya Matar

Kwa miaka ishirini na mbili Matar alisimamia shamba la mikarafuu upande wa Kizimbani. Karafuu akiiminya kwa ukucha, akainusa, akasema imewiva, hapakuwa na mbishi.

Mwaka 2004 shamba lilipata kompyuta. Karani Arwa, binti wa mjini aliyejisomea lugha ya programu iitwayo Python, aliingiza miti yote humo, kisha akamwita Matar aje aone. Kioo kilikuwa cheusi, kimejaa mistari ya nambari za miti. Arwa alimweleza kwamba miti yenye maradhi inaandikwa kwa nyekundu, mizima kwa kijani.

"Nisomee ya nyekundu tu, Mzee Matar, nami nihakikishe daftarini."

Matar akasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Arwa akamsimamisha, maana daftarini wa pili ulikuwa mzima. Alidhani kosa ni lake, pengine amesahau ile alama ya kurudisha rangi mwisho wa mstari, na nyekundu imemwagika hadi chini. Akaikagua programu, alama zote zilikuwapo.

"Huu wa pili una rangi gani?"

"Si kama ya wa kwanza? Yote ni rangi moja."

Arwa akaandika neno moja mara kumi, mara nyekundu, mara kijani. Matar alipatia manne, tena kwa kubahatisha. Ndipo binti akamwambia kwa upole kuwa wapo watu, wanaume hasa, wanaozaliwa hivyo, hawatofautishi nyekundu na kijani.

Matar akakaa juu ya gunia. Hakuyafikiria macho yake. Alimfikiria Abdulla, aliyekuwa mkata miti wa shamba.

Mwaka 1989 maradhi yaliingia shambani. Miti ikatiwa rangi: nyekundu ikatwe, kijani iachwe. Matar alitangulia akionyesha kwa fimbo, Abdulla akafuata na shoka. Mikarafuu kumi na saba mizima ikaanguka. Abdulla alisema ameonyeshwa. Matar akaapa, mkono juu ya msahafu, kwamba alionyesha myekundu tu. Abdulla akafukuzwa kazi.

Kesho yake, baada ya jaribio la Arwa, Matar alikwenda Uroa, ambako Abdulla alikuwa akitunza bustani ya hoteli. Alimweleza yote wamesimama, hata salamu hazijamalizika. Abdulla akachuma ua jekundu na jani, akayaweka pamoja kiganjani, akamnyooshea.

"Wayaonaje haya?"

"Naona ua na jani. Rangi zake sizijui."

Abdulla akayaacha yaanguke chini.

"Miaka yote hiyo nliwaambia wanangu kuwa umenifanyia makusudi," alisema. "Nshawafundisha kukuchukia. Sasa nwaambie nini?"



Ijumaa ile, baada ya sala, alisimama msikitini mbele ya watu wa shambani, akasema kiapo chake kilikuwa cha uongo ingawa hakujua, na Abdulla alikuwa mkweli. Wengine hawakuamini, walidhani mzee amepatwa na kitu. Abdulla hakuja kusikiliza. Kazi pia, alipoitwa airudie, aliikataa.