Mgeni Anapanda

Majuzi nilirudi kwetu, huko juu ya Lushoto, kuangalia paa la nyumba ya bibi ambalo lilikuwa limeanza kuvuja. Kijana wa bodaboda aliyenipandisha kutoka mjini alisimama kwenye kona ya mwisho, akatoa simu, akamwambia mpwa wangu, "Tupo kwenye mikaratusi, weka chai." Basi, ikawa imekwisha. Nilipoingia ndani chai ilikuwa mezani, tena ya mchaichai. Nilishukuru, maana baridi ilikuwa kali na magoti yangu si yale ya zamani. Lakini nilikaa na kikombe mkononi nikaona kuna kitu kimepungua. Nilikuwa nimefika nyumbani bila mlima hata mmoja kunitangaza.

Wewe uliyekulia milimani umeshanielewa. Kwa ambaye hakukulia huko, nieleze kidogo. Kwetu nyumba zimekaa kwenye migongo ya milima, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna bonde la migomba na mto mwembamba unaosikika zaidi kuliko unavyoonekana. Jirani wa ng'ambo unamwona vizuri, hata rangi ya kanga aliyoanika. Kumfikia ndiyo kazi, ushuke mpaka mtoni na upande tena, asubuhi nzima imekwenda. Kwa hiyo tuliitana. Mtu alisimama kwenye ukingo wa shamba, akaweka viganja kando ya mdomo, akavuta neno la mwisho mpaka liruke bonde. Wa ng'ambo akaitika. Kutoitika kulikuwa utovu wa adabu, hata kama una unga mikononi. Na kama habari ilikuwa ya watu wa mbali zaidi, aliyeisikia aliwageukia majirani zake wa upande wa pili, naye akaita.

Wageni ndio walioitiwa zaidi. Mtu akianza tu kupanda kutoka tambarare, watu wa chini walipaza sauti, "Mgeni anapandaaa!" Kisha yakafuata maelezo, ni mwanamume au mwanamke, amebeba nini, anatembeaje, anaelekea kwa nani. Habari ilipanda mlima haraka kuliko miguu yake. Alipotokea uani, ndizi na maharage vilikuwa jikoni tayari, na wote walikwisha jua kwamba kiatu chake kimoja hakina kamba.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alifariki nikiwa mchanga na simkumbuki. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa bibi wa ng'ambo, Mwislamu, mjane kama yeye. Kila asubuhi waliamkiana kwa Kisambaa chetu juu ya vichwa vya migomba, "Onga makeo!" na kila jioni wakaagana. Katikati ya hapo walitaniana. Bibi akichelewa kuwasha moto, ng'ambo ilisikika, "Wee mama, au leo mnafunga? Mbona Ramadhani yetu bado?" Bibi naye hakukubali kushindwa, "Nimekuachia moshi wote wewe, upate kupika zile tambi zako mbichi!" Sikukuu zao tulikula tambi hizo, na Krismasi yetu wao walikula kuku wetu, aliyechinjwa na mjukuu wa ng'ambo ili wote tule kwa amani.

Baba alikuwa ameshuka kufanya kazi ya mkonge. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na vijana wengi wa milimani walikwenda huko kutafuta. Namkumbuka Krismasi za mwanzo, akipanda njia ile na sanduku lake la bati la kijani kichwani, sukari na sabuni ya kunukia ndani yake, na mikono iliyojaa makovu ya miiba. Alinibeba begani mpaka nikagusa majani ya mfyulisi uliokuwa mlangoni. Baadaye akaacha kuja. Zikawa zinakuja salamu kwa watu. Kisha hata salamu zikakoma.

Nikaanza kumwombea arudi. Bibi alikuwa amenifundisha kusali kabla sijajua kusoma, na mimi kwa akili yangu ya kitoto niliona sala haina tofauti na kumwita bibi wa ng'ambo. Unasimama, unaita, unangoja kidogo, unaitikiwa. Niliomba nikichota maji, nikichuma mnavu, nikipalilia na wenzangu kwenye shamba la ujamaa ambako Jumamosi shule nzima tulikwenda na majembe yetu. Niliomba kwa sauti, ili nisije nikawa sisikiki. Bibi alinisikia na hakunikataza.

Nilipoingia darasa la kipaimara sala yangu ikapata siku yake. Usharikani kwetu ilikuwa desturi kwamba mtoto akipiga magoti mbele ya mchungaji, baba yake husimama nyuma na kumwekea mkono begani. Mwinjilisti aliyetufundisha, mtu mpole mwenye kikohozi cha daima, aliuliza mmoja mmoja, "Nani atakusimamia?" Zamu yangu ilipofika nikasema, "Baba." Mwinjilisti akakohoa, akasema baba mdogo anaweza pia, si vibaya. Baba mdogo mwenyewe alikwisha sema yuko tayari. Nikarudia, "Baba atakuja. Nimeomba." Mwinjilisti alinitazama kwa huruma, akahamia kwa mwingine.

Jumapili yenyewe ilikuwa mwanzo wa kipupwe. Ukungu ulikuwa umejaza bonde kama maziwa kwenye bakuli, na nyumba za ng'ambo hazikuonekana kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nimevaa gauni jeupe la kuazima, bibi akinifunga vifungo vya mgongoni na kulalamika kwamba aliyelishona alikuwa na haraka. Ndipo tukasikia kutoka chini kabisa, sauti nyembamba, "Mgeni anapandaaa!"

Bibi wa ng'ambo akaidaka ndani ya ukungu, "Wee mama! Mgeni wakooo! Ni mwanamumeee!"

Bibi akasogea ukingoni. "Amebeba niniii?"

Ng'ambo ikauliza chini, chini ikajibu, ng'ambo ikatuletea, "Sandukuuu! La bati! La kijaniii!"

Ndugu yangu, sijui nikueleze vipi. Nilisimama na vifungo vyangu nusu, nikacheka, nikalia, nikamwambia Mungu asante kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo. Habari ziliendelea kupanda. "Amepumzika kwenye jiweee!" Kisha, "Amepumzika tenaaa!" Kisha bibi wa ng'ambo, ambaye hakuweza kukaa bila utani, "Mama wee, mkonge umemmaliza mwanao! Kila jiwe anaketi, anahema kama ng'ombe aliyeuzwaaa!" Vijana wa jirani wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao.

Bibi hakucheka. Alirudi akaketi kwenye kizingiti, mikono juu ya mapaja, akitazama ukungu. Nilidhani ni furaha imemlegeza. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Yeye alikuwa amesikia kitu ambacho sisi wengine hatukukisikia. Sanduku lilikuwa la mwanawe, lakini miguu haikuwa yake. Mtu aliyezaliwa kwenye njia ile hapumziki kwenye kila jiwe.

Aliyetokea kwenye ukungu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, nisiyemjua, koti lake limelowa. Alitua sanduku, akasema kwa Kiswahili cha watu wa Kigoma, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na mlima."

Akafungua kinywa kuendelea. Bibi akawahi. Alilinyanyua sanduku mwenyewe, akaliingiza chumbani kwake, akafunga mlango, akarudi akasimama karibu naye. "Umechoka. Habari yako ikae kwanza, mwanangu. Mtoto huyu anakwenda kuwekewa mikono leo."

Yule bwana akanitazama, kisha akamtazama bibi, kisha chini.

"Baba yuko nyuma?" nikamwuliza.

"Tunachelewa," bibi akasema. "Mpe mgeni chai."

Nikampa. Alikunywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, na mikono hiyo ilikuwa na makovu yaleyale ya miiba.

Kanisani niligeuka kutazama mlango mpaka mwinjilisti akanikoholea. Nilikuwa na hakika kabisa, sanduku limetangulia, baba yuko njiani, atawahi. Jina langu lilipoitwa, baba mdogo alisimama. Bibi akamshika mkono akamketisha taratibu, akamgeukia mgeni. "Nenda wewe."

"Mama, mimi si wa dhehebu lenu," akanong'ona.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Nenda."

Alikwenda. Nilipopiga magoti nilihisi mkono mzito ukishuka begani, mkavu, mkwaruzo wake ukapita kwenye kitambaa chembamba cha gauni. Bibi aliimba pambio zote asubuhi ile, kwa sauti yake kubwa, bila kukosa ubeti. Kila nikikumbuka hilo hunibidi niketi.

Jioni, wageni walipokwisha kula na ukungu umeinuka, bibi alinishika mkono tukaenda ukingoni mwa shamba. Akaniambia kwa maneno machache. Baba alishikwa na homa huko kwenye kambi ya mkonge. Mgeni ndiye aliyemwuguza, ndiye aliyemzika, na alikuwa amemwahidi kwamba atalifikisha sanduku nyumbani kwa mkono wake.

"Niliomba," nikasema.

"Najua."

"Kila siku, bibi."

"Najua, mama. Nilikuwa nakusikia."

"Mbona hakuitika?"

Nilingoja anipe mstari wa Biblia, maana alikuwa nayo mingi, lakini hakunipa hata mmoja. Aliweka viganja kando ya mdomo akaita. Mara ya kwanza sauti ilikatika ikaangukia kwenye migomba. Akavuta pumzi, akaita tena, "Mama weee! Mwanangu hayupo tenaaa!"

Tulimwona bibi wa ng'ambo amesimama uani kwake na ungo mkononi. Akauweka chini. "Nimesikiaaa, mama! Nimesikiaaa!" Kisha akatugeuzia mgongo, akaita upande wake wa pili. Huko nako wakaitika, nao wakageuka. Sauti ikaenda hivyo mlima kwa mlima, mpaka kule juu karibu na msitu ambako hatukujua hata nani anakaa. Na kutoka kila mahali ikawa inarudi, nyembamba na ya kuchelewa, "Tumesikiaaa! Tumesikiaaa!" Bibi alisimama akizipokea zote. Hazikumrudishia mwanawe. Lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyesaidiwa kutua kuni.

Kabla giza halijaingia watu walikuwa wakishuka bondeni na kupanda kwetu, na ndizi, na kuni, na mikeka. Bibi wa ng'ambo, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu, alifika akishikiliwa pande mbili, akakaa na bibi chini, hawakutaniana.

Mimi nilikoma kusali. Wakati wa sala ya jioni nilifunga mdomo. Bibi hakunigombeza. Alisema, "Wewe kaa tu karibu yangu. Kuomba nitaomba mimi." Nikakaa. Nilikaa hivyo muda mrefu, masika na vuli, nikisikiliza sauti yake akimwambia Mungu habari za mbuzi, za mvua, za mwanawe, kama anavyozungumza na wa ng'ambo, bila haraka na bila kudai. Jioni moja niligundua midomo yangu inatembea pamoja naye. Sikujua ilianza lini.

Yule mgeni alikaa mpaka matanga yakaondolewa. Alipoondoka, bibi wa ng'ambo aliwapigia kelele watu wa chini, "Mgeni anashukaaa! Mtunzeni, ni wetu!" Akarudi Krismasi iliyofuata, na nyingine, sukari mkononi. Kila mwaka maelezo yalipanda kabla yake, na kila mwaka mawe aliyopumzikia yalipungua, mpaka ikafika Krismasi ambayo ng'ambo ilisema, "Mama wee, huyu siku hizi anapanda kama Msambaaa!" Siku hiyo bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Watu nikiwasimulia haya huniambia kwamba basi yule ndiye aliyekuwa jibu la sala yangu. Mimi sikubali. Nilimwomba Mungu anirudishie baba yangu, na baba yangu hakuja. Sitaki kumshukuru kwa kitu ambacho sikupewa. Yeye hahitaji nimpambe. Ninachomshukuru ni kwamba alinivumilia nilipokuwa nimenyamaza, na kwamba aliniweka karibu na mtu aliyejua kuendelea kuzungumza naye. Nimezeeka nikisali. Mengine nimepewa, mengine sikupewa, na mengine bado nasimama ukingoni.

Siku ile ya paa, chai ilipokwisha nilikwenda pale pale ukingoni mwa shamba. Mfyulisi haupo. Bonde limejaa kabichi na karoti hadi mtoni, na ng'ambo kuna nyumba ya bati jekundu yenye mnara wa simu nyuma yake. Sijui nani anakaa. Sikumwambia mtu, niliweka viganja kando ya mdomo nikaita salamu ya mchana, kama bibi, "Onga mshiii!" Sauti yangu ni ndogo sasa, lakini iliruka.

Watoto waliokuwa wakichuma majani ya sungura wakasimama. Mmoja, msichana mwenye jino moja la mbele, akasogea kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Simu yako imeisha chaji?"

"Marahaba. Hapana, mjukuu wangu. Naita tu."

Akaangalia ng'ambo, akaniangalia. "Wameitika?"

"Bado," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akatua mzigo wake wa majani, akasimama kando yangu kungoja.