Uso wa Wachuka

Gachanja, mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro, alipigwa kitako cha bunduki juu ya sikio mwaka wa 1953, siku askari walipokuja kuwachuja Wakikuyu, kutafuta waliokula kiapo. Alilazwa hospitalini Nakuru wiki tatu. Aliporudi alimwita kila mtu kwa jina lake, akakamua kama zamani, na watu wakasema amepona. Kupona gani huko! Mkewe Wachuka alilia mbele yake, naye akamuuliza kwa nini uso una maji.

Kosgei, dresa aliyemfunga vidonda hospitalini, hakuwaficha. "Ndani ya kichwa kuna mahali pa kusoma uso wa mtu, kama ana hasira ama ana hofu. Hapo ndipo walikugonga, mzee. Macho ni mazima. Kusoma ndiko kumeenda."

Nyapara alimkunjia uso, yeye akamchekea, akala kiboko mpaka shati likagandamana na mgongo. Ndipo Wachuka akatafuta njia yake: wakiwa mbele za watu, alimfinya mkono. Mara moja, hasira. Mara mbili, hofu. Kwa ng'ombe hakuhitaji kufinywa. Masikio yao aliyasoma kuliko mtu yeyote shambani.

Karanja, aliyekuwa mkamuaji mwenzake, alikuwa ameingia msituni kwa wapiganaji, na huko akaambiwa kwamba Wachuka ndiye aliyemtaja kwa askari. Uongo mtupu. Lakini habari zilimfikia Wachuka, akamwendea mumewe.

"Baba Wawira, Karanja akija usimkaribishe."

"Karanja ni rafiki yangu."

"Basi niangalie mimi kwanza."

Maskini, kwa woga wake alisahau kwamba kuangalia hakukumsaidia mumewe kitu.

Karanja alikuja saa ya kukamua, jua bado likiwaka, amevaa koti refu. Ng'ombe alilaza masikio nyuma, akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika. Gachanja aliyaona masikio yale. Akamchapa ng'ombe kofi.

"Tulia, wewe. Ni mgeni."

Karanja alikuwa ametoa meno. Gachanja akakumbuka maneno ya mkewe, akageuka. Wachuka alikuwa ametoka mtoni, amesimama hatua kumi kutoka kwake, debe la maji kichwani, mikono yote miwili juu. Macho yalikuwa yamemtoka, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Karibu, Karanja," Gachanja akasema.

Panga likatoka kotini, Karanja akamkimbilia Wachuka. Pigo la kwanza lilimpata shingoni, debe likaanguka, na mengine mawili yakamkuta chini matopeni. Gachanja alimrukia Karanja, akampiga ndoo ya uso mpaka mfupa wa pua ukavunjika, naye akapoteza vidole viwili kabla Karanja hajakimbia. Kisha akapiga magoti, akauweka mkono wa mkewe juu ya mkono wake, akangoja amfinye.

Mazishini kaka yake Wachuka alimkaba koo. "Ulimkaribisha muuaji! Mke wako hukumwona?"

"Nilimwangalia kwanza, vile aliniambia," Gachanja alijibu. "Nikaona anacheka."