Saruji ya Kinuni

Kazi ya msimamizi wa ujenzi ni kuchukiwa. Mengine yote, kusoma ramani, kupanga zamu za mafundi, kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, mtu anafundishwa darasani. Kuchukiwa nilijifunza mwenyewe, Mahajanga, bandari ya Wamalagasi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nilipokabidhiwa jengo la chuo kikuu nikiwa kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa.

Wakubwa walitaka mwananchi asimamie, basi wakanileta mimi. Mkandarasi alikuwa Mfaransa aliyeona uhuru unapita kama mvua na yeye akabaki palepale. Aliniita "msomi wetu" kwa sauti ile mtu anayomwitia mbwa aje ale. Mafundi nao waliniona mtu wa kisiwa cha Nosy Be aliyekuja kuwapigia kelele kwao. Nami sikuwapenda, kwa nini nidanganye? Kila asubuhi nilitembea kutoka mtaani kwangu Mangarivotra hadi kiwanjani nikiwa nimeshakasirika kabla ya kuona kosa la kwanza, na kosa la kwanza halikuwa likichelewa.

Madaraka yangu yalikuwa madogo, lakini yalikuwa na meno. Bila sahihi yangu, hakuna kilichojengwa juu ya kilichotangulia. Nguzo za chini nikizikubali, dari inamwagwa juu yake. Nikizikataa, zinavunjwa.

Sasa nimseme mjomba. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija, mjomba si kaka wa mama tu. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua Nosy Be, akanilea ndani ya ghala lake la mpunga. Mpunga aliununua upande wa Mahajanga, akauleta kwa meli yake ndogo ya mizigo, akawauzia mchele wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, hapohapo kisiwani. Magunia yakilowa njiani, hakutupa hata punje. Tuliuanika mpunga juani, tukaugeuza kwa miguu, wanawake wakautwanga, wakaupepeta, ukauzwa. Nilikua nikiamini kwamba mjomba akiwepo hakuna kitu kinachoharibika kabisa.

Aliyekuwa akigeuza mpunga pamoja nami alikuwa binti yake. Nilimpenda tangu siku hizo, na nilipopata kazi nikamposa. Mjomba alikubali, bangili za dhahabu zikapelekwa, harusi ikawekwa baada ya mfungo.

Mkandarasi aliyajua yote hayo. Alipotaka saruji, katika wafanyabiashara wote wa pwani ile alimchagua mjomba wangu kuileta. Mimi nilipata habari mwisho, kwa Kifaransa na kwa tabasamu. "Tumeyaweka mambo ndani ya familia," alisema.

Nguzo za chini zilimwagwa nikiwa kitandani na homa. Niliporudi, mbao zilikwisha kubanduliwa na nguzo zimesimama safu kwa safu, nzuri kutazama. Nilitoa ufunguo wa nyumba yangu nikaukwaruza kwenye nguzo ya kwanza kando ya mlango mkuu. Ukachimba. Vumbi likanimwagikia viatuni. Nikaenda ya pili, ya tatu, zote zilikuwa vilevile. Mkandarasi alikuwa nyuma yangu mikono mifukoni.

"Lipu itafunika," alisema.

"Wanafunzi watakaa chini ya dari hiyo!"

"Basi kataa. Kisha umweleze mjomba wako."

Saruji ilikuwa ikiwekwa kwenye bohari la mjomba, hapohapo Mangarivotra. Nikaenda kwa miguu, jasho linanitiririka. Kabla sijafika nilisikia vinu. Nilijua mlio wa mpunga, na ule haukuwa wa mpunga. Ulikuwa mkavu, wa kitu kigumu kinachokataa. Ndani ya ua wanawake walikuwa wakitwanga, nyuso nyeupe hadi kope, nikadhani wamejipaka liwa ya urembo. Walikuwa wakitwanga mabonge ya saruji iliyoganda. Wengine walichekecha unga, wengine waliutia kwenye magunia na kushona midomo yake.

Mmoja wao, mama mtu mzima, alinieleza kwa Kimalagasi, kwa upole, akidhani nimekuja kujifunza. "Ililowa tu melini. Ikitwangwa inarudi."

Ingekuwa wizi ningejua la kufanya. Mwizi unamshika mkono. Huyu alikuwa mjomba wangu akifanya kile alichonifundisha mimi mwenyewe, kwa bidii, hata magunia yameshonwa vizuri. Nilisimama pale uani nikiwa na hasira na sina wa kumtupia.

Nilipanda meli kwenda Nosy Be nimwambie usoni. Nilimkuta sebuleni na chai yake. Nikambusu mkono, nikakaa, nikasema nilichokiona. Hakukana hata neno.

"Iliingia maji, nikaikausha," alisema. "Mbona wewe umekua ukikausha pamoja nami?"

"Ule ulikuwa mpunga, mjomba. Saruji hunywa maji mara moja tu. Ikishaganda imekufa, hata uitwange iwe poda."

"Imekufa! Kumbe huko shuleni mlifundishwa kuzika mali za watu?"

"Nguzo zitavunjwa."

Aliweka kikombe chini taratibu. "Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu. Ukizivunja, Mahajanga nzima itasema mimi ni mwizi, na habari itafika hapa kabla ya meli. Siozeshi binti yangu kwa mtu aliyeniita mwizi."

"Sijakuita mwizi."

"Nyundo zitaniita."

Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na sinia mikononi. Alisikia yote. Nilitaka kumgeukia niseme neno, lolote lile, lakini mbele ya baba yake ningesema nini? Upepo ulikuwa ukileta harufu ya sukari ya kiwandani, na mpaka leo harufu hiyo ikinijia naondoka nilipo.

Nilirudi Mahajanga. Mkandarasi aliniwekea kalamu mezani. Nilimchukia mtu yule, na nilimchukia mjomba, na nilivichukia vinu vyote vya Mangarivotra. Niliandika kwamba nguzo zimekataliwa. Mafundi waliozimwaga ndio walioambiwa wazivunje, wakanitemea mate miguuni wakipita. Hazikutaka hata nguvu. Nyundo mbili tatu, nguzo inaporomoka chini kama mkate mkavu, zinabaki nondo zimesimama peke yake. Vifusi havijazolewa, bangili zangu zikarudi. Zililetwa na meli ileile iliyoleta saruji.

Hakuna aliyeniambia umefanya vema. Nyumbani mama yangu, dada yake mjomba, alikaa miezi bila kunijibu salamu zaidi ya kwa kichwa. Binti mjomba aliolewa na karani wa kiwanda cha Dzamandzar. Saruji mpya ililetwa na mtu mwingine, nguzo zikasimamishwa upya, na hizi nilizikagua moja baada ya moja mpaka ufunguo wangu ukapinda.

Siku ya kufungua jengo, mkandarasi alipigwa picha. Mjomba alialikwa, akakaa mstari wa mbele ndani ya joho lake jeupe, chini ya dari, akiwaambia jirani zake kwamba saruji hii ni yake. Hakuna aliyembishia. Mimi sikuwekewa kiti. Nilisimama nje juani kando ya mlango mkuu, na mafundi walisogea wasisimame karibu nami.

Binti mjomba alichelewa kufika. Alikuwa na mtoto mchanga begani, mumewe ametangulia. Alifika mlangoni akasimama. Akaitazama nguzo kutoka chini hadi juu, kisha akanitazama mimi.

"Hii nayo itasimama?" aliuliza.

"Itasimama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliingia, akatandika leso sakafuni, chini kabisa ya nguzo ile, akamlaza mtoto wake akalala.