Saa Kumi Alfajiri, Dukani kwa Jayanti

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Niliitwa ghorofani kwa Bwana Jayanti, tajiri wangu wa Kariakoo, nikamkuta amekaa mbele ya kompyuta, na karani wake Neema amesimama nyuma yake anaangalia sakafu. Nilisalimu, hakuitikia mtu. Aliuliza tu, "Hamisi, jana saa kumi alfajiri ulikuwa unafanya nini ofisini kwangu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Saa kumi alfajiri nitakuwa wapi kama siyo kwenye mkeka wangu? Kumbe ule mkeka ndio uliokuwa unaniponza. Nilikuwa nalala stoo, nyuma ya duka lilelile, na ufunguo wa mlango wa ngazi nalala nao chini ya mto. Ndiyo ilikuwa kazi yangu: mchana nabeba na kupanga mali, usiku nalinda. Shule niliishia darasa la tano. Kazi ikiondoka, na pa kulala pameondoka. Na siku hizo mtu akishaitwa mwizi wa kwa Jayanti, mtaa mzima hakuna tena atakayempa hata mzigo wa kubeba.

Ngoja nikueleze lilivyokuwa duka, maana wewe umekuta kila kitu kiko tayari. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mali zilikuwa zinamwagika kutoka bandarini kama mtu kapasua gunia: chupa za chai, sahani, mabeseni, masufuria. Kila mtu anauza, kila mtu anamchungulia jirani yake anauzaje. Bwana Jayanti aliona daftari limepitwa na wakati, akanunua kompyuta tatu za Windows akaziweka juu, na ya nne ikawekwa chini ya ngazi, ndani ya kabati lenye kitasa. Hiyo ya nne waliiita seva. Ilikuwa inaendeshwa na Linux, na mimi nilidhani Linux ni jina la Mzungu aliyeiuza.

Faili la bei lilikaa humo kwenye seva. Zile tatu za juu zilikuwa zinalifungua kutoka huko kwa kupitia waya. Chukulia kabati moja lina milango mitatu. Lakini fundi aliyeifunga, kijana mmoja mwenye ofisi Posta, katikati ya jiji, anaitwa Mlinga, kwa uvivu wake aliweka jina moja la kuingilia kwa watu wote, na neno la siri moja, tena Neema akaliandika kwa kalamu ya wino pembeni ya meza. Kwa hiyo yeyote aliyeingia, mashine ilisema kaingia "duka". Ndiyo ujue, hapo tayari palikuwa na mahali pa kumtupia mtu lawama, bado mtu mwenyewe tu.

Sasa umeme wa mgao ukakatika, ukarudi, na kompyuta za juu zikagoma. Zinaiona seva, jina lake linatokea, lakini ukiligusa faili unaambiwa huruhusiwi. Bwana Jayanti akapiga simu Posta. Mlinga akaja na viatu vyake vinavyong'aa, akajikunja chini ya ngazi, nusu mwili ndani ya kabati nusu nje, analalamika vumbi. Alisema betri ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo mashine imesahau kila kitu, mpaka saa. Mimi nilikuwa palepale nafungua maboksi ya chupa za chai. Akaniuliza bila kugeuka, "Dogo, saa ngapi?"

"Saa tatu na robo, kaka."

Akabonyeza, akabonyeza, akapiga kelele juu kwamba wajaribu. Neema akajibu kutoka juu, "Imefunguka!" Mlinga akapangusa viatu vyake, akaenda zake. Betri hakubadilisha, na siku zilizofuata umeme haukukatika tena.

Baada ya hapo ndipo maneno yakaanza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Mangi Tarimo, naye anauza mali ileile. Kila tukishusha bei ya chupa za chai, Mangi anashuka kidogo chini yetu kabla hata hatujanywa chai ya asubuhi. Bwana Jayanti akaanza kuona wachawi. Akasema kuna mtu anamtolea siri. Akawa anahesabu nani anaongea na nani barazani. Mimi nikisalimiana tu na wachukuzi wa Mangi, naitwa ndani. Neema, ambaye tulikuwa tunakula naye vitumbua kwenye karatasi moja, akaanza kula peke yake.

Halafu Bwana Jayanti akagundua kwamba kompyuta inaonyesha faili limebadilishwa lini. Sheria yake ilikuwa bei mpya ziingizwe jioni, baada ya kufunga. Yeye anamtajia Neema, Neema anaandika. Lakini alipoangalia, faili halikuonyesha jioni. Lilionyesha saa tisa na nusu alfajiri, siku nyingine saa kumi, saa kumi na dakika nane. Duka limefungwa, mitaa imelala, na ndani ya jengo yupo mtu mmoja tu.

Nikaapa. Nikamtaja mama yangu, nikataja marehemu baba yangu. Neema nikamwambia, "Dada, si unanijua?" Akasema, "Mimi sijui lolote, Hamisi." Akarudi kuangalia sakafu.

Aliitwa Mlinga kukagua. Akakaa pale chini ya ngazi muda mrefu mno kwa mtu mwenye haraka kama yeye. Alipotoka aliniangalia mara moja, akaangalia pembeni, akamwambia tajiri, "Mashine haina tatizo, Bwana. Mashine haidanganyi." Fundi mzima anakaa mbele ya seva hivyo asione saa yake? Sina ushahidi, mwanangu. Nina macho tu, na niliyaona ya kwake.

Bwana Jayanti hakutaka polisi waje kwanza, maana polisi wakija wateja wanakimbia. Alitaka nikiri mbele ya mtu mzima, ndipo nipelekwe kituoni. Akamwita Mzee Kondo wa nyumba ya pili, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Tukakusanyika ofisini asubuhi: tajiri, Neema, Mlinga, na mimi nimesimama mlangoni kama mzigo usio na mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Umeiba?"

"Sijaiba."

"Haya. Nani anasema ameiba?"

Bwana Jayanti akaonyesha kompyuta. Mlinga akafungua faili na kusoma kwa sauti ya mtu wa redio: limebadilishwa jana, saa kumi na dakika nane alfajiri.

"Kwa hiyo shahidi wenu ndiye huyu," alisema Mzee Kondo.

"Seva, mzee," alisema Mlinga. "Iko chini ya ngazi."

"Alimwona kijana?"

"Haioni mtu. Inaandika saa tu."

"Na mtu aliyebadilisha, inamtaja jina?"

Mlinga akakohoa. "Inasema 'duka'."

"Duka limejiibia lenyewe! Basi kilichobaki ni saa. Hiyo saa ya nani?"

"Yaani vipi?"

"Mimi hapa nina saa mkononi, nairekebisha kwa redio. Huyo shahidi wako, saa yake kaipata wapi?"

Hapo, mwanangu, nikauona mkono wa Mlinga ukienda kwenye vibonyezo. Taratibu, kama mtu anayefukuza nzi. "Ngoja kidogo, mzee, niiwashe upya, niweke mambo sawa kwanza—"

"Ondoa mkono!" Sikujua mzee yule ana sauti namna ile. "Mahakamani, shahidi hapangwi maneno mlangoni. Bwana Jayanti, wewe mwenyewe kaa hapo. Andika chochote humo kwenye faili, uhifadhi, sote tunaona."

Tajiri akaandika jina la mke wake, akahifadhi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua limejaa dirishani, chini wachukuzi wanatukanana na mikokoteni yao. Mzee Kondo akamwambia asome. Bwana Jayanti akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kwa sauti," alisema mzee.

"Saa kumi na nusu... alfajiri. Leo."

Mzee Kondo akajiegemeza. "Bwana Jayanti, leo saa kumi na nusu alfajiri ulikuwa unafanya nini ofisini kwako?"

Mzee akamgeukia Mlinga: nani aliiambia mashine saa? Mlinga akaninyooshea kidole. Na mimi, ndipo ikanirudia yote, vumbi, maboksi, viatu vinavyong'aa. Nikasema, "Ni kweli. Aliniuliza saa, nikamwambia saa tatu na robo."

"Na wewe fundi ukaandika?"

"Tatu na robo."

"Kijana kakutajia saa ya Kiswahili, asubuhi jua limetoka. Mashine inahesabu saa za Kizungu. Tatu yake ni saa tisa za usiku." Akatikisa kichwa. "Mmemfunga mtu kwa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, tena neno la kweli."

Machozi ya furaha yakaanza kunitoka, lakini mzee hakunipa nafasi. Alinigeukia akiwa mkali kuliko alivyokuwa kwao. "Na wewe acha kutoa machozi. Siku zote hizi umeapa, umetaja mama yako, umebembeleza. Hata mara moja umeuliza wamejuaje kwamba ni saa kumi? Kiapo chako kinamsaidia nani? Mtu akikushtaki, kamata ushahidi wake, siyo miguu yake."

Maneno yale yaliniuma kuliko tuhuma. Ndiyo maana nayabeba mpaka leo.

Neema alinifuata stoo baadaye. Akakiri kwamba jioni alikuwa anawahi kumchukua mtoto wake kwa jirani, kwa hiyo bei alikuwa anaziingiza asubuhi yake, kwenye saa nne hivi, kimyakimya, wakati tajiri ameenda benki. Alijua fika kwamba yote niliyoshtakiwa nayo ilikuwa kazi ya mikono yake. "Ningesema ningefukuzwa, Hamisi." Nikamwuliza, na mimi? Sikumsubiri ajibu, nikarudi kwenye maboksi yangu.

Mlinga akarekebisha saa, akaweka betri mpya, akalipwa. Bwana Jayanti akasema, "Haya, kazi ziendelee." Pole hakunipa. Na siri ya bei? Mangi Tarimo mwenyewe aliniambia miaka mingi baadaye, anacheka mpaka anashika tumbo: "Mimi na kompyuta wapi na wapi, bwana! Namtuma shemeji yangu kila asubuhi anauliza bei kama mteja, na wewe mwenyewe ulikuwa unamtajia!"

Lakini wachukuzi wa mtaa hawakuwepo ofisini siku ile. Walichosikia ni kwamba Hamisi kashikwa kwa mambo ya saa kumi alfajiri. Wakanipa jina. Mpaka leo, na mvi hizi, na meza yangu mwenyewe ya masufuria, nikipita Mnazi Mmoja kuna mtu atapiga kelele, "Saa Kumi! Mambo?" Nami nitajibu poa, maana nitafanyaje.

Basi, mwanangu, wewe unayeenda kukaa kwenye maofisi ya mashine, usikubali kuingia kwa jina la watu wote. Dai jina lako na neno lako la siri, usimpe hata unayekula naye vitumbua. Kompyuta zikikataa kusomana, usianze kutafuta mwizi. Angalia umeme, waya, jina, na saa ya ile inayotunza mafaili, uilinganishe na ya mkononi mwako kila umeme unaporudi. Anayerekebisha kimyakimya muulize anaficha nini. Anayejua na akanyamaza, kumbuka sura yake. Na ukishtakiwa, usiape kwanza. Uliza.

Mungu akuepushe na tuhuma, na zikikufika akupe mzee wa kusema "ondoa mkono." Akikosekana huyo, akupe wewe mwenyewe ile sauti. Nenda salama. Na mtu aliyeinamia mashine akikuuliza saa ngapi, mwambie saa, kisha mwambie na jua liko wapi.