Baraza Lililopandwa Chupa

Huyu Hatibu wa Chumbageni nawasimulia mimi, maana mkimwachia mwenyewe atawaambia ni muungwana. Muungwana gani! Mtu kastaafu usimamizi wa ghala, funguo za kiunoni zimezidi milango aliyo nayo, na salamu huitoa kama anayeng'olewa jino.

Nyumba aliachiwa na baba yake. Mbele ina baraza la saruji, kama nyumba zetu zote za kale, mpita njia akichoka anakaa. Haulizwi katoka wapi. Kina mama wa Muheza walitua hapo makapu ya machungwa, wenye baiskeli wakafuta jasho. Hatibu hayo yakamwasha.

"Wananimalizia saruji," akasema.

Jamani! Saruji inamalizwa na makalio?

Akakoroga saruji mpya, akaipanda vipande vya chupa, vikachomoza kama meno ya papa. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini akili ninayo ya kuzaliwa, nikamuuliza, "Hatibu, hili baraza au ukuta wa jela?"

"Unalia umekosa pa kupigia porojo."

Sasa mama yake, Bi Mwanamkasi, alikuwa ameanza kusahau. Mara kwa mara alitoka na kanga yake, ati anakwenda kwao Mtang'ata. Waliokaa barazani, watu hata hawamjui jina, ndio waliomrudisha: "Shikamoo bibi, gari la Mtang'ata limeharibika, ingia upumzike kwanza." Hatibu hakulijua hilo. Angelijuaje, na hao watu hakuwahi kuwatazama usoni?

Saruji ya chupa haijakauka vizuri, bibi akatoka. Barazani hapana mtu. Akaenda zake.

Hatibu alipogundua, alizunguka mtaa mzima. "Hamjamwona mama?"

"Tungemwonea wapi?" nikamjibu. "Tungekalia chupa?"

Nikamfuata hivyo hivyo, maana bibi hana kosa. Sokoni hayupo, stendi hayupo. Tukamkuta mtaa wa Mabawa, kwa Dorkasi, mama wa Kilutheri aliyehamia kutoka Lushoto, anayekaanga maandazi mbele ya nyumba yake. Bibi kakalishwa kigodani kivulini, miguu imeoshwa, kikombe cha uji mkononi.

"Kumbe mnajuana?" Hatibu akamuuliza Dorkasi.

"Simjui, kaka. Nimeona bibi anapita peku juani, nikamkaribisha akae."

"Basi? Hivyo tu?"

"Ulitaka nimfanyeje?"

Muungwana wetu akakodoa macho kama kapewa hesabu ya kugawanya.

Tulipofika Chumbageni, bibi akazitazama zile chupa, akashika nguzo ya umeme. "Hapa si kwetu. Kwetu mbele pana pa kukaa. Nirudisheni kwa yule mwanangu wa maandazi."

"Mama, ni mimi, Hatibu!"

"Hatibu wangu hawezi kufanya uchafu huu."

Hatibu akanigeukia. "Mwambie wewe, anakusikiliza."

"Nimwambie nini? Bibi hajakosea."

Akaingia ndani, akatoka na nyundo na patasi, akapiga magoti kwenye jua lile lile lililompiga mama yake. Mimi nikamshikia bibi mwavuli. Akapita mama mmoja na kapu la machungwa kichwani, akasita.

"Subiri mwanangu," bibi akamwambia, "utakaa. Huyu fundi anamalizia."

Nikamnyooshea fundi kipande alichokiruka. Akakipiga.